Kinachokaa Kati ya Moto na Chuma

Moto ukishazimwa mtaani, kazi ya kwanza ni kutafuta mabati. Watu huingia kwenye majivu yakiwa bado yanatoa mvuke, wakavuta bati mojamoja, wakayapanga kando ya njia na kuyakalia mtu asije akayabeba. Kesho yake yanapigiliwa tena kwenye mbao mpya. Ukipita hapo baada ya wiki utaona nyumba zenye mabati ya aina mbili: yaliyonunuliwa jana, yanayong'aa, na yaliyookolewa, ya kijivu yenye mabaka meupe na meusi. Subiri mvua za Aprili zipite kisha urudi. Yale yaliyookolewa yatakuwa mekundu kutoka juu hadi chini. Nyumba ya jirani ambayo haikuungua inaweza kuwa na mabati ya zamani zaidi, miaka hata kumi, na bado kutu haijayashika hivyo.

Kwa macho, bati lililopita motoni halijaharibika. Halina tundu, misumari inashika, mgongo wake haujalala sana. Lakini limeshakufa. Kilichokufa ni kitu chembamba mno ambacho wengi wetu hatukijui hata kwa jina, ingawa tunalala chini yake kila usiku. Historia ya Nairobi inaweza kusimuliwa kupitia kitu hicho, na kupitia swali ambalo mafundi wa Kibera na Kawangware wamekuwa wakilijibu kwa mikono yao: kati ya moto na chuma, uweke nini?

Tuanze na bati lenyewe. Mwaka 1829 Henry Robinson Palmer, mhandisi wa gati za London, alisajili wazo la kukunja bamba la chuma liwe na mawimbi. Bamba jembamba ambalo lingejipinda kwa upepo likawa gumu vya kutosha kubeba uzito wake. Shida ilikuwa kutu. Miaka minane baadaye, mwaka 1837, Mfaransa Stanislas Sorel alisajili njia ya kutumbukiza chuma kwenye zinki iliyoyeyuka. Ukiunganisha mawazo hayo mawili unapata bati: jepesi, linapangwa likiwa limelaliana melini, na halihitaji fundi stadi kulipigilia.

Zinki inafanya kazi mbili. Kwanza inafunika chuma, maji na hewa visikiguse. Pili, na hii ndiyo ya ajabu, inajitoa mhanga. Ukilikwaruza bati mpaka chuma kionekane, kutu haianzi hapo mara moja, maana zinki iliyo pembeni ndiyo inayoliwa kwanza. Mradi zinki ipo karibu, chuma kiko salama. Ikiisha, mchezo umeisha. Na si nyingi kihivyo. Bati lenye gramu 100 za zinki kwa kila mita mraba, ukijumlisha pande zote mbili, lina mikroni 7 tu kila upande. Unywele wa mtu ni mnene mara kumi hivi kuliko hiyo. Hiyo ndiyo ngozi inayotukinga na mvua.

Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Mabati yalisafiri nayo. Nairobi ya kwanza kabisa ilikuwa kambi ya mabati na turubai: stesheni, ofisi, stoo, nyumba za wafanyakazi. Tauni ilipozuka mwaka 1902, serikali iliamuru soko la Wahindi lichomwe moto. Kwa hiyo mji huu umekuwa na mabati yaliyoungua karibu tangu siku ulipozaliwa.

Kibera nayo ikaingia kwenye habari hiyo kwa njia yake. Wanubi, askari wa King's African Rifles na familia zao, walipewa mahali pa kukaa kwenye msitu ambao kwa lugha yao waliuita Kibra, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza rasmi eneo la ekari 4,197. Walipewa mahali, hawakupewa hati. Baada ya uhuru ardhi ikabaki ya serikali, na mtu aliyetaka kujenga akawa anajenga kwa ruhusa ya mdomo: jenga, lakini usijenge cha kudumu. Udongo, fito na mabati ni sawa, mawe hapana. Ilichukua mpaka mwaka 2017 ndipo jamii ya Wanubi ikakabidhiwa hati ya ekari 288.

Sasa fikiria wewe ni mwenye ploti hapo katikati, tuseme mwaka 1985. Hujui kama tingatinga litakuja mwaka huu au baada ya miaka kumi. Utanunua bati la geji gani? Utanunua la bei ya chini, jembamba, lenye zinki kidogo, na ukishapata kodi ya miezi kadhaa umerudisha pesa yako. Watalii hupiga picha ya mapaa ya Kibera kutoka kwenye reli na kuiita umaskini. Mimi naona humo pia hesabu ya watu waliokatazwa kufikiria miaka thelathini mbele. Kiwanda cha Mabati Rolling Mills kimekuwepo tangu mwaka 1962, na bati zuri limekuwa likitengenezwa nchini kwa miongo mingi. Ni kwamba sheria ilifanya bati zuri liwe ununuzi wa kijinga.

Kawangware habari ni tofauti kidogo, na watu huzichanganya hizi mbili bure. Kule ardhi ilikuwa ya familia za Dagoretti, upande wa hifadhi ya Wakikuyu, ikaingizwa jijini mipaka ilipopanuliwa miaka ya 1960. Wenye shamba walikuwa na ardhi yao. Lakini kodi ya vyumba vya mabati hulipa haraka kuliko mahindi, na haraka kuliko ghorofa ambalo huna mtaji wake, kwa hiyo bati jembamba likashinda huko pia. Njia mbili, paa moja.

Turudi kwenye moto. Kiwandani, bamba hutumbukizwa kwenye zinki yenye joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 420 na kuchemka kwa nyuzi 907. Nyumba ya mbao inayoungua hupita nyuzi 600 kwa urahisi, na penye magodoro na plastiki hupanda zaidi. Yaani moto wa nyumba unarudisha bati pale lilipozaliwa, kisha unazidisha. Zinki inatiririka, nyingine inaungua na kuwa unga mweupe, nyingine inazama ndani ya chuma na kugeuka gamba gumu linalopasuka. Ule weupe unaouona kwenye bati lililookolewa ndio mabaki yake. Hata bila moto mkubwa, zinki haipendi joto la kudumu: ukipita nyuzi 200 hivi kwa muda mrefu, tabaka linaanza kubanduka. Ndiyo maana bati lililo juu kabisa ya mahali pa kupikia huoza kabla ya wenzake.

Soko la Toi, pale ukingoni mwa Kibera, liliteketea wakati wa fujo za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa mwaka 2008. Kawangware, vibanda na maduka vilichomwa Oktoba 2017 baada ya uchaguzi wa marudio. Siasa za matukio hayo zimeandikwa sana. Hasara ambayo haikuandikwa ni ile ya polepole: vibanda vilivyojengwa upya kwa bati lilelile, ambavyo vilianza kuvuja mvua ya pili, na mama wa mboga ambaye alinunua bati mara mbili kwa moto mmoja.

Kuna mtu mwingine anayelipa bei ya zinki, naye ni fundi wa kuchomelea. Ukichoma bomba au bati lenye zinki kwa umeme, unatoka moshi mweupe mzito wenye utamu fulani wa kukera kooni. Fundi akiuvuta mchana, jioni anatetemeka kama mwenye malaria: baridi, homa, viungo vinauma, mdomo una ladha ya sarafu. Kesho yake au kesho kutwa amepona, anarudi kazini. Wayeyushaji wa shaba huko Ulaya waliijua homa hii tangu karne ya 19, kwa sababu shaba nyeupe ina zinki ndani. Mafundi wetu wana dawa yao: paketi ya maziwa kabla ya kuanza kazi. Hakuna ushahidi kwamba maziwa yanazuia chochote, moshi unaenda mapafuni na maziwa yanaenda tumboni. Kinachosaidia ni kukwangua zinki kwanza kwa jiwe la kusagia, kusimama upande upepo unakotokea, na barakoa ya kweli, siyo kile kitambaa. Lakini mteja anasubiri na anataka geti lake leo, na kukwangua ni dakika ishirini ambazo halipii.

Basi zinki ni ngozi ya mvua, siyo ya moto. Kwa moto ilibidi kutafutwe kitu kingine, na hapa ndipo Nairobi ilifanya jambo ambalo linastahili kusifiwa kuliko linavyosifiwa.

Watafiti wengi wa nishati wanaandika kwamba jiko la bati la makaa lilifika nchini na vibarua wa Kihindi waliojenga reli. Ni kopo la chuma lenye wavu katikati na mlango wa majivu chini. Likasambaa, likawa la kila nyumba, na mafundi wa Shauri Moyo na Gikomba wakawa wanaligonga kutokana na mapipa ya mafuta na mabodi ya magari. Lilikuwa na kasoro mbili. Joto lilitoka ubavuni na kwenda kupasha chumba, na chuma kiliungua. Makaa yanayopulizwa vizuri hufika nyuzi 800 na kuendelea. Chuma cha kawaida kikipita nyuzi 570 hivi, kutu yake hubadilika tabia: inakuwa tabaka la oksaidi lililolegea, linalopitisha hewa, linalokua haraka na kubanduka kama maganda ya kitunguu. Kila unapowasha jiko, tabaka jipya. Kila unapolizima, linapasuka na kudondoka na majivu. Wavu ndio hufa kwanza, kisha kuta. Nyumba iliyopika kila siku ilinunua jiko jingine kabla mwaka haujageuka.

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya Nairobi mkutano wake mkubwa kuhusu nishati mpya na jadidifu. Wakati huo kila mtu alikuwa na hofu ya misitu kuisha, na majiko yalikuwa kwenye ajenda. Wakenya waliohusika, akiwemo mbunifu Maxwell Kinyanjui, walikwenda kuangalia jiko la ndoo la Thailand: ndoo ya chuma yenye tumbo zima la udongo uliochomwa. Wazo lilikuwa sawa kabisa. Udongo hauna cha kuungua, umeshachomwa tayari. Unakaa na makaa upande wa ndani, na chuma upande wa nje kinabaki na joto ambalo kinaweza kulivumilia.

Lakini ndoo ya Thailand ilipoletwa jinsi ilivyo ilisumbua. Ilikuwa nzito, na tumbo lake la udongo lilipasuka. Udongo na chuma hutanuka kwa kiasi tofauti vikipata moto. Ukivibana pamoja toka juu hadi chini, kimoja lazima kishindwe, na udongo ndio hushindwa. Na si hilo tu. Mama wa Nairobi anasonga ugali. Ukisonga ugali wa watu sita jikoni, jiko linasukumwa kushoto na kulia kwa nguvu zote, na ndoo iliyonyooka chini huyumba.

Jibu lilikuwa kiuno. Jiko tunalolijua leo, pana juu, jembamba katikati, pana tena chini, lilitokana na kuoanisha umbo la jiko la zamani na udongo wa Thailand. Udongo upo nusu ya juu tu, pale penye makaa. Wavu ni sehemu ya udongo wenyewe, kwa hiyo hakuna tena wavu wa chuma wa kuungua. Kati ya udongo na chuma kuna tabaka la saruji iliyochanganywa na kitu chepesi kama majivu au vamikulaiti, linaloshikilia na pia kupunguza joto linalovuka. Nusu ya chini ni chuma kitupu, maana hapo huwa majivu na hewa baridi inayoingia. Kitako kipana kinasimama imara ugali ukisongwa. Likaitwa Jiko la Udongo la Kenya, na makadirio ya kawaida ni kwamba linapunguza makaa kwa asilimia 30 hadi 50 ukilinganisha na la bati.

Sehemu ninayoipenda zaidi kwenye habari hii ni ya soko, kuliko hata ya ufundi. Halikuwekewa hakimiliki ya kuzuia wengine. KENGO, muungano wa mashirika ya nishati, ulifundisha mafundi walewale waliokuwa wakigonga majiko ya bati, na mafundi wakafundishana. Kwanza yalitoka majiko mabaya, mengi, udongo haujaiva au saruji imekosewa, na watu wakalalamika. Baadaye ushindani ukachuja. Kufikia miaka ya 1990 mamia ya maelfu ya nyumba yalikuwa nalo, na umbo hilo likanakiliwa Tanzania, Uganda, Rwanda na mbali zaidi. Ni teknolojia ya kukinga chuma dhidi ya joto kali iliyosambazwa na watu wenye nyundo na kipande cha reli kama fuawe. Mashirika ya misaada yamejaribu tangu hapo kuleta majiko ya kila aina, mengine na feni ndani, na mengi yamebaki kwenye ripoti.

Nchi zenye viwanda vikubwa zilikuwa na tatizo lilelile na zikapita njia nyingine. Miaka ya 1910 kampuni ya General Electric ya Marekani ilibuni njia ya kupachika alumini kwenye uso wa chuma kwa joto, na mwishoni mwa miaka ya 1930 viwanda vya huko vikaanza kutumbukiza bamba la chuma kwenye alumini iliyoyeyuka, kama Sorel alivyofanya na zinki. Inaonekana kama mzaha, maana alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 tu, na kila mtu ameona sufuria iliyosahaulika motoni ikitoboka. Siri ni kwamba ikishaungana na chuma, uso wake hujifunika kwa oksaidi ya alumini, utando ambao hauyeyuki mpaka upite nyuzi 2,000, na ambao ukichubuka unajirudisha wenyewe mradi alumini haijaisha chini yake. Kutu ya chuma inabanduka. Ya alumini inang'ang'ania. Tofauti yote iko hapo.

Ukitaka kuuona ufundi huo, nenda kwa watengeneza sailensa wa Kawangware. Sailensa iliyokuja na gari kutoka Japani mara nyingi ni ya chuma chenye alumini au ya stenlesi, imeishi miaka mingi. Inapotoboka, fundi anakata kipande na kuweka bamba la kawaida, kisha anapaka rangi ya fedha. Rangi hiyo ina vumbi la alumini, na ile halisi ya kuvumilia joto inasaidia kiasi. Ile ya kupaka mageti inafanana nayo kabisa mpaka gari liwashwe. Kiraka huwa kinatoboka kabla ya bomba la zamani lililokishikilia, na mteja anadhani fundi ni tapeli, kumbe wakati mwingine fundi mwenyewe ameuziwa rangi ya geti.

Ufundi huohuo unapita juu ya Kibera kila siku. Ndege ndogo zinazopanda na kutua Wilson, zile Cessna Caravan za kupeleka watalii Maasai Mara, zina injini ya tabo ambayo gesi yake ina joto kubwa kuliko chuma cha kawaida kingeweza kuvumilia. Sehemu za ndani za injini za namna hiyo hupakwa tabaka la alumini, na kwenye injini kubwa za ndege za JKIA huongezwa juu yake utando wa kauri ya zirikoni. Yaani chuma, kisha alumini, kisha kauri. Mtu wa Shauri Moyo angeuelewa mpangilio huo bila kuelezwa sana. Caravan ina adui mwingine, vumbi la viwanja vya murram, ambalo husaga mapezi ya injini kama msasa. Kwa hiyo imewekewa njia ya kuikunja hewa ghafla ili mchanga, ambao ni mzito, ushindwe kukata kona na utupwe nje.

Mahali ambapo maswali haya yote yalikutana ni Laini Saba. Mbunifu wa majengo Jim Archer, wa kampuni ya Planning Systems Services ya Nairobi, alibuni Jiko la Jamii, jengo la kupikia linalotumia takataka kama kuni, na la kwanza likajengwa hapo Kibera kwa msaada wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP. Wakazi wanaleta taka, wanapika na kupata maji moto. Kwenye mtaa ambao gari la taka halifiki, hilo si wazo dogo.

Ila taka siyo makaa. Ukichoma plastiki kwa moto hafifu unatengeneza sumu. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2000 kuhusu kuchoma taka ilidai nyuzi 850 kwa angalau sekunde mbili, na Jiko la Jamii lilisanifiwa kupita nyuzi 800. Hapo ndipo chuma kinapata shida ambayo jiko la makaa halijawahi kuiona. Baadhi ya plastiki, hasa ya mabomba na ngozi bandia, ina klorini. Chumvi ya mabaki ya chakula inayo pia. Klorini kwenye joto hilo hupenya chini ya utando wa oksaidi, inaungana na chuma, inatoka kama mvuke, kisha inaachia chuma na kurudi tena kuchukua kingine. Majivu yaliyoyeyuka yanaganda ubavuni na kuendelea kula hata moto ukipungua. Bamba la kupikia nalo, likipashwa upande mmoja na sufuria baridi ikawekwa upande wa pili, hupinda.

Mitambo ya kuchoma taka ya Ulaya hujikinga kwa matofali ya moto na kwa kufunika mabomba na aloi ya nikeli, ambayo bei yake haifanani kabisa na bajeti ya kikundi cha vijana wa Kibera. Matofali tunayo. Nikeli hatuna. Kwa hiyo kila jiko la namna hii linaishi kwa ratiba ya bamba lake: likiisha lazima mtu alinunue jingine, na wafadhili hupenda kulipia ufunguzi kuliko kulipia bamba la mwaka wa tatu.

Na bamba lenyewe linatoka wapi? Mara nyingi, chuma chakavu. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, na marufuku ikakaa miezi kadhaa. Ililenga wezi wa nyaya, lakini pipa la mafuta na bodi la gari navyo ni chuma chakavu, na hivyo ndivyo majiko hugongwa. Mabati yale yaliyookolewa kwenye moto, yakishaoza kabisa, huenda njia hiyohiyo: yanakunjwa, yanapimwa kwa kilo, yanapakiwa kwenye mkokoteni na kusukumwa hadi kwa mnunuzi, ambaye hulipa kidogo kwa bati lenye kutu nyingi kwa sababu, kama anavyojua vizuri, nusu ya uzito huo si chuma tena.